Avid S1 kwenye sauti ya filamu: uzoefu wangu

Kwa anayemiksi filamu, macho yanatakiwa yawe kwenye picha. Nilipokuwa natumia kipanya peke yake, muda mwingi nilikuwa nakitafuta kimshale badala ya kumtazama mwigizaji. Avid S1, kifaa cha mezani cha kuongozea programu ya sauti kwa vidole, imenirudishia macho yangu, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Ijulikane kwanza kwamba hii si mikisa ya kupitisha sauti. Huchomeki maikrofoni wala spika. Inaungwa na kompyuta kwa kebo ya mtandao, kisha inaiongoza programu yako, kwangu mimi Pro Tools ya kurekodi na kumiksi, kwa mfumo wa mawasiliano wa EUCON ambao Avid waliupata walipoinunua kampuni ya Euphonix mwaka 2010.

Ina fada 8 (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zenye mota, zinazohisi kidole, kila moja milimita 100. Urefu huo si pambo. Nilikuwa na tukio la mama na binti wananong'onezana usiku, mvua inapiga bati. Ukiiacha mvua juu, maneno yanapotea. Ukiishusha ghafla, mtazamaji anashtukia. Nikaweka otomatiki, yaani programu kukumbuka miendo ya fada, kwenye hali ya kugusa, inayorekodi tu wakati kidole kiko kwenye fada, na mama alipovuta pumzi nikaishusha mvua taratibu, kama desibeli 4 hivi. Nilipoinua kidole, fada ikarudi yenyewe mahali pake. Mkono wa pili ulikuwa kwenye fada ya mazungumzo muda wote huo. Kipanya hakikupi mikono miwili!

Fada 8 ni chache kwa filamu, hilo halina ubishi. Mimi nimezikusanya traki kwenye VCA, yaani fada moja inayoongoza kundi zima la traki: mazungumzo, nyayo na mguso wa vitu, milio, mazingira, muziki. Hapo zinatosha. Unaweza pia kuunganisha S1 hadi 4 ukapata fada 32. Haina kijiti cha kuzungusha sauti kwenye spika za 5.1 (tano zinazomzunguka msikilizaji na moja ya besi), kwa hiyo kazi hiyo naifanya kwenye kishikwambi, ambacho hakimo kwenye boksi.

Usiifananishe na mikisa mikubwa ya filamu kama DFC ya kampuni ya AMS Neve, ambako mafundi zaidi ya mmoja hukaa pamoja. Hii ni ya mtu mmoja kwenye chumba kidogo, na bei yake inazidi dola 1,000. Ukipanga kuinunua, kiingize kishikwambi kwenye bajeti hiyohiyo, maana hicho kinakuonyesha mita za sauti mbele yako.