W-2 ikipotea: akaunti ya IRS ilinitoa jasho, lakini ilinifaa

W-2 yangu, ile fomu ya mwajiri huko Marekani inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, nadhani niliitupa pamoja na matangazo ya pizza. Mwajiri wangu wa zamani nilimpigia mara nne, nikaishia kusikiliza muziki tu. Basi nikafungua akaunti kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Wanataka picha ya kitambulisho na selfi; ya kwanza nilipiga jikoni gizani, kosa langu. Baada ya hapo rekodi ya mapato ikatoka papo hapo, bure. Kasoro moja: kodi ya jimbo haimo! Hiyo niliichomoa kwenye hati ya mshahara ya Desemba, iliyokuwa na doa la chai, nikajaza Fomu 4852 badala ya W-2. Nikatuma ritani yangu ya kodi Aprili 13, siku mbili kabla ya mwisho. Nyota nne.