Kinasa sauti cha betri mbili: kinafaa kurekodi ushuhuda wa manusura?

Kinachopimwa hapa ni kile kinasa sauti kidogo cha mkononi chenye maikrofoni mbili zilizopishana kichwani, betri mbili za AAA na kadi ndogo ya memori isiyozidi GB 32. Kwa mikutano na mahubiri, sifa zake zinajulikana. Kigoma kuna kazi nyingine nzito zaidi inayokihitaji: kurekodi watu wazima wanaoeleza walivyoteswa utotoni wakiwa mikononi mwa taasisi, zikiwemo hospitali za akili. Kwa kazi hiyo tunasema kinunuliwe, ila kisitumike kama kilivyotoka kwenye boksi.

Kwa nini kisiwe simu? Simu huita katikati ya maneno, hupeleka faili intaneti bila mwenyewe kujua, na jioni huishia mikononi mwa watoto wa nyumbani. Hiki hakina laini wala intaneti.

Kipimo chetu kinatoka hospitali ya akili ya Lake Alice, New Zealand. Kitengo cha watoto cha hospitali ile ya serikali kilikuwa chini ya daktari Selwyn Leeks kuanzia 1972 hadi 1978. Watoto, wengi wao bila ugonjwa wowote wa akili, walipigwa shoti za umeme bila dawa ya usingizi na kudungwa sindano chungu za paraldehaidi, dawa ya kutuliza, kama adhabu. Barua zao zilisomwa kabla ya kutumwa. Mvulana mmoja wa asili ya Niue, kisiwa cha Pasifiki, alichora sura inayotabasamu, na kando yake akamwandikia bibi yake kwa Kiniue kwamba anapigwa umeme na maumivu ni makali. Wafanyakazi hawakuielewa lugha ile, barua ikapita. Hata hivyo Tume ya Kifalme, yaani tume ya uchunguzi ya New Zealand, ilikuja kukaa kusikiliza habari za Lake Alice Juni 2021. Leeks alifariki Januari 2022 bila kushtakiwa. Mwaka 2024 serikali ilikiri kwamba ule ulikuwa utesaji, na Waziri Mkuu akaomba radhi bungeni tarehe 12 Novemba mwaka huohuo.

Hesabu mwenyewe: miaka 46 tangu muda wa Leeks uishe 1978 hadi serikali ilipokiri. Kwa hiyo kinasa sauti cha kazi hii lazima kiipokee lugha ya mama bila kuiharibu, na faili lake liweze kufunguliwa baada ya miongo minne.

Kwenye lugha kinafaulu vizuri sana. Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au kushuka, maana inaweza kugeuka. Msimkatize mzee anayeanza kwa Kiha mkimtaka aseme Kiswahili ili mwandishi asipate tabu. Tafsiri itafuata. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, 44.1 kHz, biti 16. Inakula takriban MB 635 kwa saa, yaani kadi ya GB 32 inabeba kama saa 50. Acha MP3 ya kiwango cha chini. Kichujio cha mngurumo kiwekwe 80 Hz, kisizidi hapo, maana sauti nzito za wanaume huanza karibu na hapo.

Kiweke sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne. Kikikaa juu ya meza tupu, kila kikombe kinachowekwa husikika kama nyundo. Pima sauti ifike -12 dB kwenye kipimo cha kifaa, chini ya kikomo cha 0, ibaki nafasi ya kilio. Masika usirekodi chini ya bati bila dari: mvua ikianza, hakuna kichujio kitakachorudisha maneno. Feni izimwe. Karibu na ziwa, sifongo ya kuzuia upepo ni ya lazima.

Sasa jambo ambalo maelekezo ya kiwandani hayagusi. Mtu aliyewahi kufungwa waya kichwani hapaswi kuvalishwa hedifoni wala kubandikwa maikrofoni shingoni bila kuulizwa kwanza. Mwonyeshe kifaa, akishike, akizime na kukiwasha mwenyewe. Zima mlio wa kitufe. Taa nyekundu ya kurekodi ikimsumbua, ifunike kwa kipande cha plasta. Kisha ridhaa isikike ndani ya rekodi: "Mama, tunarekodi. Ukisema tusimame, tunasimama. Ukisema tufute, tunafuta." Tumia namba badala ya jina kwenye faili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na hizi ni nyeti kupita kiasi.

Kasoro kubwa ni umeme wa kifaa chenyewe. Betri za kaboni zinazouzwa rejareja hufa ghafla, na kifaa kikizimika kabla ya kubonyeza kitufe cha kusimamisha, faili halifungwi vizuri na kompyuta hulikataa. Nunua za alkalini, badilisha kila baada ya saa tano hata kama alama inaonyesha zimebaki, na simamisha rekodi kila dakika 40 ili uanze faili jipya. Kadi bandia ni hatari zaidi: imeandikwa GB 32 lakini ndani ina 4, ikijaa inaharibu rekodi kimyakimya. Ijaze yote kwa mafaili ya kujaribu na uyafungue kabla ya kuanza kazi. Kumwambia manusura arudie kwa sababu ya kadi ya bei rahisi ni kumtonesha kidonda mara ya pili.

Siku hiyohiyo nakili kwenye diski mbili zenye nywila, zikae nyumba tofauti, na sikiliza mwanzo, katikati na mwisho wa kila nakala. Hamishia diski mpya kila baada ya miaka michache.

Kinasa sauti hiki hakina nywila. Anayekiokota anasikiliza. Ukitoka Kasulu kurudi mjini kwa basi, toa kadi, iweke kwenye mfuko wa ndani wa nguo uliyovaa, na kifaa kibaki kitupu ndani ya begi.