Jumba la Manispaa la Brussels: mnara uliokaa upande

Mimi ni mwashi, nimejenga kuta Kigoma kwa miaka 19. Kwa hiyo binamu yangu anayekaa Matonge (mtaa wa Brussels uliobeba jina la Matonge ya Kinshasa) aliponifikisha Grand-Place, uwanja mkuu lilipo jumba hili, watu wote walitoa simu wapige picha, mimi nikafumba jicho moja nikaanza kupima. Nikamwambia, "Ndugu yangu, huyu fundi hakuwa na timazi?"

Mnara hauko katikati. Mlango mkubwa nao haukukaa sawasawa chini ya mnara, na bawa la kushoto ni refu kuliko la kulia. Utasimuliwa kwamba msanifu alipoliona kosa lake alipanda juu akajirusha. Msiamini. Bawa la kushoto lilianza kujengwa 1402, la kulia 1444, na mnara wa fundi Jan van Ruysbroeck ukakamilika 1455. Nyumba imeongezwa kidogo kidogo, kama sisi tunavyoongeza vyumba uani hela ikipatikana. Katikati ingetoka wapi?

Lakini mnara wenyewe, jamani! Mita 96. Chini ni mraba, ukipanda unageuka pembe nane, halafu kilele kimetobolewatobolewa mpaka mawingu unayaona upande wa pili. Sisi tunategemea nondo na zege. Pale jiwe limekalia jiwe. Mwaka 1695 jeshi la Ufaransa liliupiga mji mizinga, na mnara huu ndio ukawa alama ya kulengea. Nyumba za mbao za jirani ziliteketea, ndani ya jumba kukaungua, ila kuta na mnara vikabaki vimesimama.

Kilichonichosha ni sanamu za ukutani. Zimejazana mno, na nyingi ziliwekwa karne ya 19, si za wajenzi wa kwanza.

Ukienda, usiishie nje. Pita uani, kuna chemchemi mbili za mito ya Meuse na Scheldt. Kisha vuka uwanja uingie makumbusho ya mji: sanamu halisi ya Malaika Mikaeli iliyokuwa kileleni mwa mnara iko humo, ya juu sasa ni nakala. Kutoka chini anaonekana kama kidole. Ukimkaribia, amekupita urefu, kafuliwa kwa bati la shaba na kupakwa dhahabu.

Vaa viatu visivyoteleza, mvua ikinyesha yale mawe ya uwanjani ni sabuni. Nyota nne. Binamu alinipiga picha moja tu siku hiyo: jicho nimefumba, kidole gumba hewani, napima. Ameshaituma nyumbani.