Uzoefu wangu: msafara wa supakaa kwenye milima ya Alps, kutoka Munich mpaka Davos

Wakuu kwema? Watu wengi wameniuliza kuhusu ule msafara wa supakaa (magari ya kifahari yenye kasi kubwa) niliokwenda kwenye milima ya Alps, na swali la kila mtu ni kama ile hela inalipa, basi ngoja nieleze nilivyoona. Mimi naishi Munich na msafara ulianzia hukuhuku ukaishia Davos kule Uswisi, unalipia nafasi ya udereva, kampuni inaleta magari, hoteli, mafuta na kiongozi anayetangulia na gari yake, halafu kila mkimaliza kipande cha njia mnabadilishana magari. Kwa kifupi, kama unapenda kona inalipa sana, ila kama unachotafuta ni spidi tafuta uwanja wa mbio, huku hela itakuuma.

Maana spidi yenyewe huipati. Uswisi ukishatoka mjini barabara za kawaida mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na tangu 2013 wana sheria kali, ukikamatwa una 140 kwenye sehemu ya 80 hiyo siyo faini tena, ni kesi ya jinai yenye jela ndani yake na gari inaweza kutaifishwa. Kiongozi wetu alilisema hilo asubuhi kabla hatujawasha hata injini na mimi nilimpenda hapohapo, kwa sababu msafara wa hivi ukipata kiongozi anayependa misifa mnaweza kuishia pabaya wote.

Tulianzia Grossglockner kule Austria, barabara iliyofunguliwa 1935, kilomita 48 na kona 36 za kugeuka nyuma kabisa. Ni ya kulipia, zaidi ya euro 40 kwa gari kwa siku, na inastahili kila senti, lami safi, pana, unaona mbali, yaani ndio sehemu ya kuizoea gari usiyoijua. Tuliingia geti la Ferleiten mapema kabla ya mabasi ya watalii na tukapanda mpaka Hochtor, pale juu barabara inapovuka mlima, mita 2,504 karibu peke yetu. Hapo ndipo nilipoona kazi ya mwenye msafara, barabara ileile ukiikuta saa sita mchana uko nyuma ya foleni ya magari ya kambi tu, yale ya kulala ndani.

Sasa magari. Nilianza na Ferrari F8, nikaenda Lamborghini Huracán, baadaye McLaren 720S. Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni hewa ya juu, kule ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo ile V10 ya Huracán, yaani injini ya silinda kumi isiyo na turbo, ukifika Stelvio, pass (barabara inayovuka mlima) ya Italia, mita 2,757 karibu robo ya nguvu imebaki bondeni. F8 ina turbo haijali sana, ila sasa nguvu yenyewe ni HP (nguvu za farasi) 720, ukikanyaga tu gia ya pili kona ishafika. Kwangu Huracán ndio ilikuwa gari ya milima, mguu ukigusa inajibu papo hapo, unaweza kuifungulia mpaka juu ya rev, yaani mwisho wa mizunguko ya injini, bila kuvunja sheria, na ule mlio ukiingia kwenye handaki jamani nywele zinasimama.

Stelvio ndio yenyewe. Upande wa kijiji cha Prato kuna kona 48 na kila moja ina jiwe lenye namba, unaanza na 48 kule chini unahesabu kurudi mpaka 1 juu. Ilijengwa na Waaustria miaka ya 1820 kwa ajili ya magari ya farasi, kwa hiyo upana ni ule wa farasi, na wewe una gari pana yenye pua ndefu. Unashuka gia ya kwanza, unatanua mpaka ukingoni, unageuza shingo kuangalia kupitia dirisha la pembeni kama kuna anayeteremka, ndio unakata usukani wote. Na baiskeli ni nyingi mno, wazee wa miaka sitini wanapanda kwa miguu yao, ni wa kuwaheshimu, kiongozi alikuwa anatuambia kwenye redio kol "baiskeli mbili, subiri... subiri... haya njoo" na hakuna hata mmoja aliyewapigia honi.

Tukashukia pass ya Umbrail kuingia Uswisi, na huko unakutana na basi la njano la posta. Kabla ya kona linapiga honi ya sauti tatu, ukiisikia jua ndani ya kona hiyo mwenye haki ni yeye, na dereva wake akikuonyesha rudi nyuma unarudi, hata ukiwa kwenye McLaren ambayo nyuma huoni kitu. Nilirudi taratibu sana, dereva akaniinulia mkono.

Malalamiko yangu ni mawili na nimeshawaandikia. Msafara ulikuwa na magari mengi kupita tulivyoambiwa, ikawa kila kituo cha picha na chakula kinavuta muda, matokeo yake Sella kule Dolomites tuliipanda mchana katikati ya foleni, pass nzuri vile imeharibika. La pili ni dipoziti, wameishikilia kwenye kadi muda mrefu baada ya kurudisha magari bila mkwaruzo wowote, na majibu yao ni ya kuzungushana.

Kwa anayetoka nyumbani kuja kufanya hii, chukua leseni ya kimataifa pamoja na ile yako, Italia wataiuliza. Bima waambie waandike kabisa ajali ikitokea wewe unalipa kiasi gani. Begi liwe laini na dogo, buti ya Huracán iko mbele na haiingizi kitu. Mwezi wa tisa ni bora kuliko wa nane. Safari nyingine nataka pass za Uswisi za Furka, Grimsel na Susten, ila idadi ya magari nitaitaka kwenye mkataba kabla sijatuma hata euro moja.