Magurudumu ya Mazoezi na Mbio: Ringi za R 460, Habu za Ultegra na Spoku 32

Magurudumu ninayoyapima hapa niliyasuka mwenyewe misimu mitatu iliyopita, nikitaka jozi moja itakayovumilia mazoezi ya kila siku, kisha iingie mbioni bila kubadilishwa chochote isipokuwa tairi. Habu, yaani vitovu vya magurudumu, ni za Shimano Ultegra zenye matundu 32 mbele na nyuma, ringi ni za aluminiamu za DT Swiss R 460, spoku ni za Sapim, na nipeli, yaani nati ndogo zinazofunga spoku kwenye ringi, ni za shaba ya manjano. Baiskeli yangu ina breki za kubana ringi, na jambo hilo moja liliamua mengi kati ya haya yanayofuata.

Kabla ya hapo nilikuwa na jozi nyepesi iliyonunuliwa ikiwa tayari, yenye spoku 20 tu nyuma. Siku moja, kundi likiwa limeanza kukaza mwendo kabla ya mlima wa mwisho, nilisikia mlio mkali chini yangu, na kabla sijageuza shingo ringi ilikwisha kuanza kusugua breki, mara moja kila mzunguko. Spoku ilikuwa imekatika kiwikoni, pale inapopinda kuingia kwenye sikio la habu, ile bapa yenye matundu ya spoku. Nililegeza breki, ringi ikahamia kusugua fremu, nikashuka na kutazama migongo ya wenzangu ikipotea. Gurudumu la spoku 32 likipoteza moja huyumba, lakini kwa kawaida hukufikisha nyumbani; la spoku 20 huacha pengo ambalo spoku za jirani haziwezi kuliziba.

Wengi hudhani kwamba spoku hukatika kwa sababu imekazwa kupita kiasi, ilhali mara nyingi kisa ni kulegea. Gurudumu linapozunguka, spoku inayofika chini hulegea kidogo kwa uzito wa mpandaji, kisha hukaza tena inapopanda. Tairi ya milimita 25 ina mzingo wa karibu mita 2.1, kwa hiyo katika safari ya kilomita 100 kila spoku hupitia hali hiyo zaidi ya mara 47,000, na chuma kinachovutwa na kuachiwa namna hiyo huchoka. Ikiwa mkazo wake wa awali ni mdogo, spoku hufika mahali pa kupwaya kabisa, kiwiko kikacheza ndani ya tundu na nipeli ikaanza kujifungua yenyewe.

Taabu kubwa iko kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Kwa kuwa kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, inachukua nafasi upande wa kulia, sikio la habu la upande huo husogezwa karibu na katikati, na spoku zake husimama karibu wima. Ili ringi ikae katikati ya fremu, zile za kushoto hulazimika kukazwa kidogo tu. Mambo yalizidi kuwa magumu gia 11 zilipoingia, kwa sababu Shimano waliongeza milimita 1.85 kwenye kiini kinachobeba kaseti huku upana wa habu ukibaki milimita 130 uleule. Kwenye gurudumu langu, upande wa gia umekazwa kwa takriban kilo 115 kwa kila spoku, na kushoto nikapata karibu nusu yake. Hakuna fundi anayeweza kulikwepa hilo kwa spana peke yake.

Kinachosaidia ni kuchagua spoku kwa upande. Upande wa gia nilitumia Sapim Race, yenye unene wa milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati; kushoto, pamoja na gurudumu lote la mbele, nilitumia Sapim Laser, ambayo katikati ina milimita 1.5. Spoku nyembamba hurefuka zaidi kwa mkazo uleule, hivyo hata ringi ikibonyea kidogo bado inakuwa na akiba ya kuvutika na haipwayi. Ndiyo maana spoku iliyopunguzwa unene katikati hudumu kuliko ile nene moja kwa moja, ingawa mkononi ile nene ndiyo inayotia imani. Sapim CX-Ray, ambayo ni Laser iliyobapwa, ingekata upepo vizuri zaidi, lakini bei yake kwa spoku 64 sikuona inastahili. Nipeli za aluminiamu zingeokoa gramu zisizofika 50 kwa jozi nzima, nazo hushikana na spoku kwa kutu na kuvunjika pembe ukijaribu kuzigeuza.

Habu za Ultegra zinatumia gololi zinazozunguka kati ya bakuli na koni, mtindo ambao baadhi ya watu wanauona umepitwa na wakati. Mimi naupenda, maana nazifungua mwenyewe, nazisafisha, natia grisi na kuzirudisha. Katika kuzifunga kuna ujuzi mdogo: ukishika ekseli mkononi uache mchezo wa unywele tu, kwa sababu ukishabana gurudumu kwenye fremu mchezo huo hupotea, na ukiuondoa mapema gololi zitabanwa zilie. Ubaya wake ni kwamba ukizembea hadi bakuli lichimbike, habu nzima imekwisha. Asiyetaka kazi hiyo atafute DT Swiss 350, yenye beringi za kubadilisha na kiini kinachovutwa kwa mkono bila spana.

Kuhusu uzito, R 460 ina gramu 460 na kuna ringi nyepesi kuliko hiyo. Tuseme unaokoa gramu 200 kwa jozi nzima: unapoongeza kasi, uzito wa ukingoni huhesabika karibu mara mbili, yaani gramu 400, ambazo kwa mpandaji na baiskeli vyenye jumla ya kilo 80 ni nusu ya asilimia moja. Upepo ni habari nyingine. Ringi hii ina kimo cha milimita 23 tu, na katika mwendo wa peke yako unaozidi kilomita 40 kwa saa, ringi za kaboni zenye kimo kikubwa zitakuacha. Kwa mbio za kushindana na saa, azima nyingine.

Kusuka kwenyewe kulinichukua jioni mbili. Nyuzi za spoku nilizipaka mafuta ya kitani, nikavusha kila spoku juu ya tatu za jirani zake, kisha baada ya kila awamu ya kukaza nikazibana kwa jozi kwa mikono miwili. Mara ya kwanza zililia kama kuni mbichi motoni, mara ya nne zikanyamaza, na hapo nikajua kwamba viwiko vimekaa. Nilizigonga pia kwa ukucha, upande mmoja kwa wakati. Ile iliyotoa sauti ya chini kuliko wenzake ndiyo iliyohitaji robo mzunguko. Tangu hapo nimelinyoosha gurudumu la nyuma mara moja tu, baada ya shimo ambalo sikuliona, na la mbele sijaligusa.

Kinachoisha ni ringi. Breki huila kila mvua inaponyesha na mchanga kuganda kwenye raba, na ya nyuma sasa ina mfereji unaoonekana ukiweka rula juu yake. Nimeshaagiza nyingine ya aina ileile, kwa sababu kipenyo kinachoamua urefu wa spoku kitakuwa kilekile: nitaifunga kwa utepe wa gundi ubavuni mwa ile kuukuu, tundu la valvu likitazamana na tundu la valvu, kisha nihamishe spoku moja moja.