Boti ya mpira ya uokoaji, miezi 14 kwa bahari ya Diani: nyota 4 kati ya 5

Wadau wa bahari salaam. Niliwaahidi nitaandika nikishaipitisha kaskazi na kusi zote mbili, sasa nimeipitisha, miezi 14, tena pale ufukwe wa Kongo, hapa Diani, mto Mwachema unapoingia baharini, kwa hiyo haya nayoandika sijayatoa kwa katalogi.

Boti yenyewe ni mita 4.2, ya kujazwa upepo, sakafu ya alumini, mashine tumefunga Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40 kwa sababu kila fundi huku kusini anaijua na spea zinapatikana. Ile boti ya mpira ya D class ya Waingereza wa RNLI, shirika lao la uokoaji baharini, ndiyo ningeitaka, mita 5, farasi 50, ikipinduka mabaharia wenyewe wanaigeuza na mashine inawashwa tena hapo hapo majini. Yetu ikipinduka, mashine ni kwa fundi moja kwa moja. Hilo lijue kabla hujatoa pesa.

Zamani tulikuwa tunaokoa na boti ya faiba. Ya faiba ni nzuri kule nje mwambani lakini kwa mawimbi yanayovunjika karibu na ufuo mimi siitaki tena, ni nzito, ukuta wake uko juu, na wimbi likiisukuma inamjia na kumgonga kichwa yule yule unayetaka kumtoa.

Agosti, Jumapili, kusi imechachamaa, maji yanapwa. Wanaopajua Kongo wanajua maji yakianza kupwa pale mto unavuta kuelekea nje, na watu wa wikendi hawajui, wanaona maji ya kiunoni wanafurahi. Kijana wa kama miaka 14 akavutwa. Boti ya faiba ilikuwa imetia nanga mbali, lakini hii ya mpira tuliibeba watu wanne kutoka mchangani tukaitia majini na mashine yake, mimi kwa usukani na mwenzangu akalala kifudifudi omoni, yaani mbele ya boti, kuikandamiza, maana boti nyepesi ikikutana na wimbi la mbele bila uzito omoni inasimama kama farasi na kuwalalia mgongoni. Unapanda wimbi na gesi, ukifika juu unaachia kidogo isiruke, ukitua unatia tena. Tulivuka mawimbi matatu hivyo. Tulipomfikia nikaweka mashine nyutro, mwenzangu akamkamata makwapani, akamzamisha kidogo kisha akamvuta na akapanda juu ya boya, ule mpira wa ubavuni uliojazwa upepo, kama samaki. Boya ni laini, halimkwaruzi, na liko chini karibu na maji. Alichosema ni "Ami, n'shike, usiniachie," na alikuwa ameshashikwa zamani. Tukamrudisha kwa mamake anatapika maji lakini anapumua, akapelekwa hospitali siku ile ile na akapona.

Hii kazi ya mtu kulala omoni hatukuibuni sisi. Waaustralia wanatumia boti za mpira ufukweni tangu 1969, Warren Mitchell ndiye alianzisha pale Avalon, Sydney, na mpaka leo ni boti ndogo ya chini ya mita 4, mashine ndogo, watu wawili tu. Ndiyo maana nawaambia wanaouliza farasi 60, hapana! Mashine nzito inazamisha tezi, yaani nyuma, na omo inaruka. Hata yetu ya 40 naiona imezidi kidogo, nikipata nafasi nitashuka mpaka 30.

Sasa ile nyota niliyokata. Duka lililotuuzia, silitaji, lilituambia kitambaa ni haipaloni, ule mpira unaostahimili jua. Si kweli, ni PVC, yaani plastiki. Miezi minane ya jua la Diani gundi ikaanza kuachia kwenye mishono ya nyuma karibu na mashine, nikaweka kiraka, kikashika wiki tatu, nikaweka kingine. Iliniuma sana kwa sababu hizi ni pesa zilizochangwa na wenye vibanda, mama wa mahamri, vijana wa ngamia, kila mtu alitoa. PVC si mbaya kwa nchi za baridi lakini kwa boti inayolala ufukweni jua la ikweta ndani ya miaka michache linaimaliza. Ukinunua omba uoneshwe kipande cha kitambaa, haipaloni kawaida haing'ai na upande wa ndani ni mpira, PVC ni laini kama turubai la lori. Sasa tunaifunika na makuti muda wote na imetulia.

Jambo jingine la jua ni upepo. Ukiijaza saa tatu asubuhi ikakaza, saa saba boya limevimba unaweza kulipiga kama ngoma, lazima ufungue valvu upunguze, halafu ukiitia majini inapoa na kulegea tena. Pampu isitoke kwenye boti, kamwe.

Na propela, jamani. Yetu ilikuja bila kizuizi, tukamwendea fundi wa kuchomelea Ukunda akatutengenezea ringi ya kuizunguka. Mwendo ulipungua kidogo na sijali, watu wako majini miguu iko chini huwezi kuiona. Ile kamba ya kuzimia mashine pia ifunge mkononi kila safari, hata ya dakika mbili.

Kuna wanaoniambia tuachane na mpira tutafute helikopta. Sydney wanayo ya fukwe tangu 1973, na mtu akishabebwa nje ya mwamba hakuna kinachoona kama macho ya juu. Droni nayo, Januari 2018 Lennox Head, Australia, iliwadondoshea boya la kujiokolea vijana wawili kwa kama sekunde 70 tu, nikaisoma ile habari mara mbili. Lakini boya linamfaa mwenye nguvu za kulishika, aliyelegea anahitaji mkono, na mkono unafika kwa boti.

Ukitaka kuiona kabla hujanunua yako njoo Kongo maji yakiwa yamejaa, ulizia kibandani kwa mama wa mahamri, tutakupeleka mpaka mlangoni mwa mwamba na kukurudisha, uilale omo mwenyewe.