WordPress au Wix kwa nyumba ya wageni Bagamoyo
Mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo akiniuliza atumie nini kutengeneza tovuti yake, WordPress au Wix, namwambia WordPress. Ipo tangu 2003, programu yenyewe ni bure, na ukikorofishana na kampuni inayokuhifadhia tovuti, unabeba mafaili na hifadhidata yako unahamia kwingine. Wix haihami hivyo, inakaa kwenye seva zao tu. Ukiacha kulipia, tovuti inarudi kwenye anwani ya bure yenye jina lao na matangazo yao. Kwa biashara, hilo linauma.

Ila Wix ni rahisi kweli: unaburuta picha ya magofu ya Kaole, unaiachia unapotaka, basi. Ulinzi ni kazi yao. WordPress inadai mtu wa kusasisha programu-jalizi (vipande vya programu vinavyoiongezea tovuti kazi) kila mara. Zikichakaa, wadukuzi hupenya humo humo. Huna mtu huyo? Chukua Wix.